LIVU SI AKIBA YA BENKI



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Novemba, sisi tunaotembelea matawi ya chama hapa Kampala tunakutana na jambo lile lile. Tukiomba kuona daftari la likizo, au livu kama wengi tunavyoiita, tunakuta majina mengi ambayo mbele yake hapakuandikwa kitu. Mwaka unakwisha na siku 21 ziko pale pale. Tukimwuliza mwenyewe, hasemi kwamba amenyimwa. Anasema: "Nitakwenda tu. Nangoja kazi ipungue kidogo."

Mtu akichelewa kwenda kung'oa jino, au akikwepa njia inayopita dukani kwa anayemdai, hilo tunalielewa. Lakini huyu anaahirisha jambo analolijua kuwa tamu. Anajua akifika kwao Tororo au Mbarara mama atamchinjia kuku. Anajua watoto watakuja mbio kumpokea mzigo. Hakuna aliyemzuia, na bado haendi. Leo tungependa kulitazama jambo hili kwa makini, kwa sababu linawapotezea wafanyakazi haki kubwa bila mwajiri kutumia nguvu yoyote.

SI KAZINI TU

Tabia hii haikuzaliwa kiwandani wala ofisini. Ipo hata nyumbani. Katika nyumba nyingi za mji huu, kuanzia Naguru mpaka Ndeeba, utakuta kabati la vioo lenye vikombe na sahani nzuri za wageni. Wenye nyumba wanakunywa chai katika vikombe vya plastiki, na wageni wenyewe huja mara mbili kwa mwaka. Mama ana gomesi mpya sandukuni, ameinunua kwa fedha alizozikusanya miezi mingi. Anaingojea kwanjula ya binti ambaye bado yuko shule ya msingi. Baba naye ana viatu vizuri ndani ya boksi. Siku atakapovitoa ili aende navyo arusini, gundi itakuwa imekauka na soli itabaki barabarani.

Tena tazameni mji wetu. Jumba la Makumbusho la Uganda lilianzishwa mwaka 1908, na leo liko kando ya barabara ya Kira. Maelfu ya wafanyakazi hupita hapo kila asubuhi ndani ya taksi wakienda Kamwokya na Bukoto. Ni wangapi wameingia? Bustani ya wanyama ya Entebbe iko kama kilomita 40 tu kutoka mjini. Mstari wa Ikweta uko Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, na mabasi hupita hapo mchana kutwa. Mgeni anayetoka Ulaya huviona vyote hivyo kwa siku tatu. Mwenyeji aliyeishi Kampala miaka 30 anasema: "Nitakwenda siku moja, viko hapa hapa."

VITU HAVITUNGOJI

Neno hilo, "viko hapa hapa," ndilo linalotudanganya. Uganda yetu imetupa mafunzo zaidi ya mara moja kwamba vitu havitungoji.

Pale Jinja, mahali mto Nile unapotoka ziwani, palikuwa na maporomoko ya Ripon. Ulipokwisha kujengwa ukuta wa bwawa la Owen mwaka 1954, maji yalipanda na maporomoko yakapotea. Wazee waliosema wataenda kuyaona wakipata nafasi, walipopata nafasi walikuta maji yametulia.

Wengine wakasema si neno, yako maporomoko ya Bujagali, kilomita chache tu kutoka hapo. Watu walikuwa wakienda kutazama maji yakipiga mawe, na vijana wakijitupa ndani wameshika jerikani ili wapewe fedha na watazamaji. Likajengwa bwawa jingine. Mwishoni mwa mwaka 2011 maji yakafunika mawe yote, na mwaka 2012 kituo kikafunguliwa rasmi, cha megawati 250. Hatusemi bwawa lisingejengwa. Mashine tunazozisimamia zinataka umeme, na umeme ukikatika ni sisi tunaorudishwa nyumbani. Tunasema tu kwamba aliyeahirisha kwenda Bujagali hataiona tena.

Mwanachama wetu mmoja, fundi wa mashine hapa mjini, alimwahidi mkewe walipooana mwaka 1994 kwamba atampeleka kuyaona maporomoko hayo. Jinja ni kama kilomita 80. Ungetoka asubuhi na jioni ungekuwa umerudi. Miaka 17 ikapita. Tulipomwuliza kilichomzuia alitujibu: "Nauli sikuikosa. Niliona mto hauwezi kuhama."

Kasubi nayo haiko mbali. Iko hapa hapa mjini, na anayepita barabara ya Hoima anaujua mlima ule. Nyumba kubwa ya nyasi, Muzibu Azaala Mpanga, asili yake ni jumba la Kabaka Mutesa wa Kwanza la mwaka 1882, na ndani yake wamezikwa makabaka wanne. Mwaka 2001 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 ikashika moto. Asubuhi yake watu walipanda mlima wakilia, na kati yao walikuwamo wengi ambao hawakuwahi kuvua viatu na kuingia ndani hata mara moja. Nyumba imejengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO iliiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hilo ni jambo la furaha. Lakini ile iliyoungua, ambaye hakuiona ndiyo basi tena.

Na ninyi ndugu wa reli mtakumbuka njia ya Kasese, iliyokamilika mwaka 1956. Ni wangapi waliosema, "Nikistaafu nitapanda treni mpaka Kasese, niitazame milima ya Rwenzori nikiwa nimekaa dirishani"? Katika miaka ya 1990 treni za abiria za njia hiyo zilikoma, na safari hiyo ikabaki hadithi.

KWA NINI TUNANGOJA?

Sababu ya kwanza ni kwamba kitu kilicho karibu tunakiona hakina haraka. Na jambo hili si la Waganda peke yao. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Marekani, Suzanne Shu na Ayelet Gneezy, walichapisha uchunguzi wao juu ya watu wanaoahirisha mambo ya kufurahisha. Waliona kwamba wenyeji wa miji kama Chicago na London huenda kuona sifa za miji yao mara chache kuliko wageni, na kwamba mtu akikaribia kuhama ndipo anapoanza kukimbilia kuziona. Tena waliwapa watu hati za kula keki bure dukani. Wengine walipewa wiki tatu za kuzitumia, wengine miezi miwili. Mtu angefikiri mwenye miezi miwili ataifaidi hati yake zaidi, na wenyewe walifikiri hivyo. Ikawa kinyume: waliopewa muda mfupi ndio waliokula keki kwa wingi, na waliopewa muda mrefu wengi waliziacha hati zikafa mifukoni.

Sababu ya pili ni kungojea siku iliyokamilika. Tunataka livu ituangukie wakati fedha zipo, watoto wamefunga shule, mvua haijaanza, na kazi imepungua. Siku ya namna hiyo ni nadra sana. Likipatikana moja, jingine limepungua, basi tunangoja tena.

Sababu ya tatu ni hofu, na hii tusiifanyie mzaha. Mfanyakazi anaogopa akienda livu ataonekana mvivu. Anaogopa akirudi atamkuta mtu mwingine kwenye mashine yake. Msimamizi naye anamsifu: "Bila wewe hapa hapaendi kitu." Sifa hiyo ni tamu masikioni, lakini angalieni inavyofanya kazi. Siku ya kuongeza mshahara hatumsikii akisema hapaendi kitu bila wewe. Anayasema siku ya kuomba livu tu.

Yuko atakayetujibu: "Ninyi viongozi mnatuambia tustarehe, na mshahara wangu hautoshi posho na maharagwe." Ndugu, unasema kweli, na kazi ya kupigania mshahara hatujaiacha. Lakini livu ni siku zenye malipo kamili. Ukikaa nyumbani mshahara wako unaendelea. Kulala mpaka jua litoke hakuna bei. Kukaa na mtoto umsikilize akisoma kitabu chake hakuna bei. Kutembea naye mpaka Ggaba kutazama mashua zikiingia na samaki hakuna kiingilio. Hata kile kikombe kizuri cha kabatini umekwisha kukilipia zamani. Hapa hatuzungumzi juu ya vitu tusivyovimudu, ila vile tulivyo navyo tayari tukaviacha.

LIVU ILIPATIKANA KWA JASHO

Tukumbuke pia kwamba likizo yenye malipo haikushuka kutoka mbinguni. Wafanyakazi waliidai. Nchini Ufaransa, Mei na Juni mwaka 1936, wafanyakazi waligoma kwa wingi na kukaa ndani ya viwanda, na mwezi huo wa Juni ikapitishwa sheria ya kuwapa wiki mbili za likizo yenye malipo kila mwaka. Majira yale ya joto watu walipanda treni kwa tiketi za bei nafuu, na wengi waliiona bahari kwa mara ya kwanza maishani. Waliozipata siku zile hawakuziweka kabatini.

Mwezi huo huo wa Juni 1936, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza juu ya likizo yenye malipo, usiopungua siku 6 za kazi kwa mwaka. Mwaka 1970 likapitisha mwingine, ambao ulipandisha kiasi hicho mpaka wiki tatu.

Hapa kwetu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku 7 za likizo yenye malipo kamili kwa kila miezi 4 aliyofanya kazi mfululizo. Ndizo siku 21 kwa mwaka. Zinachukuliwa ndani ya mwaka huo huo, kwa wakati ambao mfanyakazi na mwajiri wamepatana. Tena sheria inasema kwamba mapatano yoyote ya kuiacha likizo hiyo, iwe kwa kulipwa fidia au kwa njia nyingine, ni batili. Someni neno hilo mara mbili. Huwezi kuiuza livu yako, hata ukitaka mwenyewe. Sisi tunaona hekima kubwa katika kifungu hicho. Kinamlinda mfanyakazi na mwajiri mwenye tamaa, na kinamlinda pia na nafsi yake mwenyewe, ile inayosema kila mwaka "mwaka ujao."

AKIBA HAIOZI, LIVU HUOZA

Wazee walisema akiba haiozi. Ni kweli kwa mahindi yaliyokaushwa vizuri na kwa shilingi iliyo benki. Lakini wanachama wengi wanaichukua livu kuwa ni akiba ya namna hiyo. Wanafikiri siku walizoziacha zinajumlishwa mahali fulani, na siku ya kuacha kazi watalipwa zote. Hapo ndipo wanapoumia.

Mahakama ya Viwanda ya Uganda imekwisha kuamua katika kesi mbalimbali kwamba mfanyakazi anayedai kulipwa siku za livu alizoziacha hana budi aonyeshe kwamba aliziomba akanyimwa. Aliyenyamaza tu, mwaka baada ya mwaka, akifikiri siku zake zinamngoja, anakwenda mahakamani mikono mitupu. Karatasi ya kuomba hakuna, na jibu la kukataliwa hakuna.

Tupige hesabu kidogo. Mtu anayeziacha siku 10 kila mwaka, kwa miaka 20 ameacha siku 200. Hiyo ni zaidi ya miezi sita ya maisha yake, na amempa mwajiri bure. Mwajiri angeomba tumfanyie kazi miezi sita bila malipo tungeitisha mkutano siku ile ile, pengine na kugoma. Lakini tunaitoa wenyewe kidogo kidogo, na hatusikii uchungu.

Kuna na wale wanaoweka furaha yao yote mbele, mpaka kustaafu. "Nikipata fedha zangu za NSSF nitapumzika." Fedha hizo ni jasho lako, na ni vizuri kuzitunza. Kwa kawaida mwanachama huzichukua akifikisha miaka 55. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 anaweza kuchukua mpaka asilimia 20 ya akiba yake. Lakini fedha hutunzwa, na nguvu za miguu hazitunzwi. Katika kazi hii ya chama tumehudhuria mazishi mengi ya wenzetu waliokuwa na miaka 50 na kitu. Karibu kila mara husimama mtu akasema kwamba marehemu alikuwa amepanga, akistaafu, kumpeleka mama yake mahali fulani, au kurudi kijijini kukaa na ndugu zake. Watu husikiliza wakainamisha vichwa, kwa sababu wengi wana ahadi kama hiyo.

TUFANYE NINI?

Hatumfundishi mtu kutapanya. Wala hatusemi kungoja ni kubaya kila mara. Subira yavuta heri, na anayeingojea arusi ya Jumamosi anaifurahia tangu Jumatatu. Lakini angalieni tofauti yake: arusi ina tarehe. Kungoja kwenye tarehe kunaongeza utamu. Kungoja kusiko na tarehe ni kupoteza tu, ingawa polepole. Kwa hiyo neno letu kubwa ni moja: tuyape tarehe mambo tunayoyapenda.

Kwa matawi, tunashauri haya.

Kwanza, kila mwezi wa Januari kamati ya tawi ikae na mwajiri, itengenezwe orodha ya livu ya mwaka mzima. Kila mfanyakazi awe na tarehe zake, na orodha ibandikwe ukutani mahali watu wote wanapoiona. Orodha ikiwapo, hakuna atakayeitwa mvivu kwa kwenda, maana ni zamu yake kama zamu nyingine yoyote. Na nafasi yake kwenye mashine haina wa kuinyakua, kwa sababu anayemshikia naye ana tarehe zake.

Pili, kila mtu aombe kwa maandishi na abaki na nakala. Akikataliwa, ajibiwe kwa maandishi, na hapo hapo apange tarehe nyingine. Mwenye shida ya kuandika amwone katibu wa tawi. Ndiyo kazi yake. Karatasi moja leo ni bora kuliko maneno mengi mahakamani kesho.

Tatu, livu isikatwe vipande vidogo vidogo mpaka isionekane. Mkataba ule wa mwaka 1970 unashauri angalau wiki mbili mfululizo, na sababu yake tunaijua. Siku moja moja huishia kwenye foleni ya benki na mazishi ya jirani. Mtu hupumzika kweli kuanzia siku ya nne au ya tano, anapoacha kuamka na saa ya zamu.

Nne, matawi yapange matembezi ya pamoja, hata mara moja kwa mwaka. Basi moja la kukodi, kila mmoja achange kidogo kidogo tangu Januari, twende na familia zetu Entebbe, au Jinja, au Makumbusho. Mtu akiahidi peke yake ni rahisi kuahirisha. Akiwa amechanga na wenzake watu 40, na watoto wamekwisha kuambiwa, hana njia ya kurudi nyuma.

Na kwa kila mmoja wetu nyumbani: chagua kitu kimoja unachokijua kitakufurahisha, ambacho umekuwa ukikisogeza mbele. Usichague kumi. Kama ni kwenda kumwona shangazi, kama ni kuingia Kasubi, kama ni kuivaa ile gomesi Jumapili hii bila ya kungoja kwanjula ya mtu. Kiandikie tarehe, na umwambie mtu mwingine ili akukumbushe.

Waliotutangulia waligoma, wakafukuzwa kazi, na wengine wakafungwa, ili mfanyakazi awe na siku chache katika mwaka ambazo si za mwajiri. Haki hiyo imeandikwa katika sheria, lakini sheria haiwezi kukupandisha basi. Chama kitakutetea ukinyimwa livu. Usipoiomba, hatuna pa kuanzia.

Basi ndugu, kabla mwezi huu haujakwisha, mwone katibu wa tawi lako, jaza fomu, na uandike tarehe kwa mkono wako mwenyewe. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo.